Octave Narcisse Hakuvuka Lango

Octave Narcisse alipofika kwenye uwanja wa mpira wa Kimarekani wa shule ya Anse Noire, Agosti ile alipotimiza miaka kumi na minne, Kocha Hurley Tate alimtupia jicho mara moja tu, kisha akarudi kwenye karatasi zake.

"Unataka nini?"

"Kucheza mpira, Kocha. Mstari wa mbele."

"Mstari wa mbele wa nini, wa kwaya?" Wachezaji wakubwa wakaangua kicheko. "Kijana, wewe ulikazana kwenda upana ukasahau kwenda juu. Nenda kwa mwalimu wa bendi. Ana tarumbeta moja kubwa pale, halina wa kulibeba."

Tave, maana hilo ndilo jina alilojulikana nalo Anse Noire yote, akasema, "Ndiyo, bwana," akaenda zake. Kesho yake akarudi. Kesho kutwa akarudi tena. Siku ya nne kocha alichoka kumfukuza. Akamsimamisha mbele ya pandikizi moja la mtu lililokuwa mwaka wa mwisho, ili kijana ashike adabu na mambo yaishe. Filimbi ikalia. Tave akaingia chini ya kidevu cha yule jitu, akambeba kwa bega, akaenda naye kinyumenyume hatua sita mpaka kwenye meza ya maji, na meza nayo ikaenda.

Kocha Tate aliitazama meza, akamtazama kijana.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Trela la miwa, Kocha."

Wala hakuwa anatania. Baba yake, Alcide Narcisse, alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, na mvua za Novemba zilipokuja matrela ya miwa yalikwama kila siku kwenye lile tope jeusi la mashambani. Tave alianza kuyasukuma akiwa na miaka kumi na mmoja. Trela la miwa ukilisukuma umesimama wima, halikutambui kabisa. Sharti uzame, utafute pa kuweka bega chini ya ubao, uinue na huku unasukuma. Kwake yeye mtu hakuwa na tofauti kubwa na trela, ila tu mtu anatukana.

Mama yake, Bi Ozite, aliyekuwa mpishi wa kantini ya shule na aliyekuwa na sauti ya kufika mtaa wa pili, alichukua muda kuielewa kazi ya mwanawe.

"Hebu nieleze tena," alimwambia mezani, huku akimwongezea wali na maharage. "Ukiupata mpira unafanya nini?"

"Mimi siupati mpira, mama. Nakaa katikati ya mstari wa ulinzi. Wanakuja watu wawili kunisukuma nitoke njiani, mimi nawakatalia. Wakihangaika na mimi, mwenzangu nyuma anabaki huru, anamkamata mwenye mpira."

"Kwa hiyo unapigana na watu wawili ili mwenzio atangazwe redioni?"

"Ndiyo, mama."

Bi Ozite akafikiri kidogo. "Basi wachape wote wawili."

Na kweli aliwachapa. Miaka minne pale shuleni, mingine minne kwenye Chuo cha Tillman kule Mississippi, chuo kidogo ambacho vyumba vya kuvalia vilivuja na basi la timu lilisukumwa na hao hao wachezaji wa mstari. Tave alikua mwili. Akafika kilo mia na thelathini, shingo ikapotea, mapaja yakawa magogo. Lakini kimo kiligoma palepale kwenye futi tano na inchi kumi na moja, na watu wa timu kubwa za ligi walikuja na futi zao za kupimia, wakaandika, wakaondoka. Siku mbili za timu kuchagua wachezaji wa vyuo, ukoo mzima wa Narcisse ulikaa sebuleni kuizunguka simu. Yaliitwa majina mia tatu na zaidi. Jina lake halikuitwa.

"Hivi hawa watu wana namba yetu kweli?" Bi Ozite aliuliza.

"Wanayo, mama. Wanayo na inchi zangu vilevile."

Timu ya Hammers wa Toledo ilimchukua kambini baadaye, bila ahadi, kama mtu wa kugongwa na wenzake wakati wa mazoezi. Wakamwacha wiki ya tatu. Timu nyingine ikamchukua, nayo ikamwacha. Hao hata kumwita hawakumwita, alikuta kabati lake limeshafunguliwa na viatu vyake vimewekwa kwenye mfuko wa takataka. Alirudi Anse Noire akaingia kiwandani na baba yake msimu wote wa kusaga miwa. Alfajiri, kabla ya zamu, alipanda na kushuka tuta la mto mbio, amebeba gunia la mchanga mabegani. Watu waliokwenda kazini walimpungia mikono, wengine wakitikisa vichwa.

"Bwana Tave, wameshakukataa mara mbili!" jirani mmoja alimpigia kelele kutoka garini. "Unataka wakuandikie barua?"

"Nataka waniambie nikiwa nimewalalia kifuani!" Tave akajibu bila kusimama.

Mwaka uliofuata Toledo walipungukiwa watu, wakamwita tena. Aliyemwita alikuwa kocha wa mstari wa ulinzi, mzee mmoja Mzungu wa Texas aitwaye Buck Stroud, mtu wa maneno machache na tumbaku shavuni. Siku ya kwanza akamweka Tave uso kwa uso na Dale Wojcik.

Huyu Wojcik alikuwa mtoa mpira wa Toledo, yaani yule anayeinama katikati ya mstari wa ushambuliaji na kuurudisha mpira kwa mrushaji kupitia katikati ya miguu yake, halafu palepale anapambana na aliye mbele yake. Alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe kutoka Pennsylvania, ndevu nyekundu, na hapakuwa na bora kuliko yeye katika ligi nzima.

"Wewe jina lako nani?" Wojcik aliuliza, ameinama, mkono juu ya mpira.

"Narcisse."

"Si jina la ua hilo?"

"Ndilo. Sogea unuse."

Mpira ukatoka, na helmeti ya Tave ikaingia chini ya kidevu cha Wojcik. Ufupi ule uliomfukuzisha kila mahali ulikuwa ndio huo huo unaomweka chini ya kila mtu. Mrefu ilimlazimu akunje magoti kumfikia, na akishakunja, amechelewa. Wojcik alikwenda chini chali, bonge la matope likimgonga usoni. Akalala pale kitambo anatazama mbingu.

"Kocha," akasema, "huyu msimwache tena. Sitaki kukutana naye akiwa na nguo za watu wengine."

Hivyo ndivyo Tave alivyopata kazi, na msimu wa pili akawa wa kuanza mechi. Akaoa Toledo, nesi mmoja aitwaye Verlena ambaye Jumapili jioni alimkanda mgongo na kumsimanga kwa pamoja. Kila mchezo, watu wawili juu yake, kilo mia mbili na sabini, mara hamsini kwa mechi. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilivunjika vikaungana vibaya. Goti la kulia lilianza kuvimba kila Jumatatu. Magazeti yalimtaja mara mbili msimu mzima, na mara moja walikosea herufi. Lakini watu wa timu pinzani walimjua. Walimwita Kisiki.

Ukaja mwaka wa mgomo.

Wachezaji walikuwa wanadai mambo kadhaa, lakini lililowauma zaidi lilikuwa hili: mtu akimaliza mkataba wake bado hakuwa huru. Timu ilimshikilia kama ng'ombe aliyetiwa alama. Msimu ulikuwa na mechi mbili tu chama chao kilipotangaza kuweka vifaa chini. Matajiri wa timu hawakubabaika. Wakaokota watu: walioachwa zamani, walimu wa mazoezi wa shule, walinzi wa baa, wakawavalisha jezi za wenyewe, wakasema mechi zinaendelea.

Wojcik ndiye aliyekuwa mwakilishi wa chama pale Toledo. Aliwakusanya wenzake gereji kwake, na walipotawanyika akamshika Tave mkono.

"Wewe baki. Nataka nikuambie kitu na usinichukie."

"Sema."

"Mimi hawanigusi. Wakinifukuza mimi, kesho nina timu nyingine, wananililia. Wewe sivyo. Mgomo huu ukivunjika wataanza kuchinja kuanzia chini, na wewe wanakuona wa chini. Ukitaka kurudi ndani, mimi Dale sitakuita msaliti. Na atakayekuita, nitazungumza naye."

Tave alimtazama. Kisha akainuka, akaenda ukutani palipoegemezwa mabango.

"Lipi langu?"

"Tave, nimekuambia fikiria."

"Nimeshafikiri. Nipe lenye mti mrefu, mimi ni mfupi."

Wiki ya pili Kocha Stroud alimfuata nyumbani mchana, akakataa kuingia ndani, wakakaa kwenye ngazi za nje. Mzee yule alizungusha kofia yake mikononi kwa muda.

"Nani alikuita ulipokuwa unasaga miwa?" hatimaye aliuliza.

"Wewe, Kocha."

"Kulikuwa na mwingine aliyemtaka mtu wa kimo chako?"

"Hakuwepo."

"Basi nakuomba unirudishie wema. Uje Jumatano. Nina mstari wa watu wa kuokoteza, Tave. Mmoja ni fundi bomba. Jana kavaa helmeti kinyume." Akatema tumbaku kwenye majani. "Na wakubwa wameshaniambia. Asiyerudi Jumatano, mgomo ukiisha wana orodha. Una miaka ishirini na saba, una goti, na hizo inchi zako. Sitaweza kukutetea."

Tave alimpenda mzee yule, na kila alichosema kilikuwa kweli.

"Kocha," akasema taratibu, "miaka minne umenifundisha nisisogee nikisukumwa na watu wawili. Leo umekuja peke yako."

Stroud akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Lakini hakukata tamaa. Alipiga simu Anse Noire. Hayo Tave aliyasikia Jumapili baada ya kanisa, alipowapigia wazazi wake kama desturi yake.

"Kocha wako kapiga hapa," Bi Ozite alisema, na sauti yake ilikuwa tayari imepanda. "Ananiita bibie, ananiambia niongee na wewe kama mama. Nikamwambia, bwana mkubwa, mimi nimeshaongea naye kama mama miaka ishirini na saba, wewe ulikuwa wapi? Akasema utapoteza kazi. Nikamwambia, kazi gani, hiyo ya kukanyagwa? Nikamuuliza kama amekula. Akakata simu! Mtu mzima, anaulizwa kama amekula, anakata simu!"

Tave alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasikia mama yake akisema pembeni, "Ngoja, baba yako anataka kusema," na kicheko kikamkauka. Alcide Narcisse hakuwa mtu wa simu. Akipewa, husema "Mzima? Haya," akairudisha.

"Tave."

"Naam, baba."

"Kabla hujazaliwa tuligoma mashambani. Mwezi wa kukata. Ulishasikia?"

"Nilisikia juujuu."

"Juujuu, ndiyo. Mimi nilirudi kazini wiki ya tatu." Mzee akavuta pumzi. "Mama yako alikuwa na mimba ya dada yako, na nyumba ilikuwa ya kampuni. Walishaanza kutoa watu vyombo nje. Nikarudi. Asubuhi ile, kaka yangu Leonce alikuwa amesimama barabarani na wenzake. Nikapita mbele yake. Hakunitukana. Alivua kofia tu, akaishika kifuani, kama watu wanavyovua jeneza likipita."

Baba Mkubwa Leonce alikuwa amefariki miaka tisa nyuma, na kwenye mazishi yake Alcide alikaa benchi la mwisho kabisa. Tave alidhani anayaepusha masikio yake na kelele za kinanda.

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Hukuniuliza. Na sikutaka uniulize. Sasa sikiliza. Sikuambii ufanye nini; una mke, una nyumba, mambo yako unayajua wewe. Nakuambia nilichofanya mimi, na kwamba nyumba tuliipata, na dada yako akazaliwa ndani yake, chini ya paa. Na bado naiona ile kofia. Haya." Akairudisha simu.

Jumatano asubuhi, baridi ya kwanza ya Oktoba imeingia, Tave alikuwa langoni mwa uwanja wa mazoezi saa moja na nusu, na bango lake la mti mrefu. Wachezaji wa mgomo walikuwa kama thelathini. Magari saba ya wenzao yaliingia, vioo vimepandishwa, wenyewe wamejikunyata wanatazama mbele. Magari yale waliyafahamu, walishapanda humo, walishakula nyumbani kwa wenyewe. Upande wa ndani wa lango, Kocha Stroud alisimama peke yake na kikombe cha kahawa, akimtazama Tave. Mlinzi alimfungulia Tave mlango mdogo, akasimama ameushika.

"Bwana Narcisse, wamesema wewe upite."

"Wamesema?"

"Wamesema wewe ukija, upite."

Ndipo basi la watu wa kuokoteza likakata kona. Tave alilaza bango lake ukingoni mwa barabara, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akaenda katikati ya njia, akageukia basi, akatanua miguu, akainama, akaweka vidole vya mkono wa kulia chini kwenye lami. Akatulia hivyo, mgongo sawa, macho kwenye taa za basi. Mkao wa kazi yake.

Dereva akapiga honi. Tave hakupepesa. Basi likaja taratibu mpaka likabaki hatua nne, mpaka akahisi joto la injini usoni. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Wewe mwendawazimu! Ondoka barabarani!"

"Niondoe!"

"Nitakukanyaga!"

"Wewe wa ngapi? Panga foleni!"

Huku nyuma mtu akacheka, kisha wote wakacheka, na Tave akasikia buti zikija. Wojcik akainama kushoto kwake. Upande wa pili akainama beki mmoja ambaye maishani mwake hakuwahi kuweka mkono chini, akauliza, "Ni huu au ule?" Halafu wengine, na wengine, mpaka mstari ukaziba barabara kutoka uzio hadi uzio, watu thelathini wameinama mbele ya basi kama wanangojea mpira utoke. Askari wawili waliokuwepo wakatazamana. Mmoja akamwendea Tave, akachuchumaa.

"Ndugu, mtakaa hivi mpaka lini?"

"Mimi ndiyo kazi yangu, afande. Hao wengine watachoka."

Basi likarudi kinyumenyume. Likazunguka hadi mlango wa nyuma wanakopitishia takataka, na watu wale wakaingilia huko. Tave aliponyanyuka, goti lilimkatalia mara ya kwanza. Wojcik akamshika kwapani. Kocha Stroud alikuwa ameshaondoka, amekiacha kikombe juu ya nguzo ya lango. Kesho yake picha ilitoka kwenye magazeti ya miji mingi, na jina safari hii waliliandika sawasawa.

Lakini mgomo haukushinda. Wiki moja na siku chache baadaye watu walianza kuishiwa, magari yaliyoingia langoni yakawa kumi na matano, kisha ishirini, na chama kikawaambia wote warudi, madai yakapelekwa mahakamani. Walirudi Jumatatu. Jumanne kijana wa ofisini akaja kabatini kwa Tave, akasema bila kumtazama, "Kocha anakuita. Uje na kitabu chako cha mbinu." Kila mchezaji anayajua maneno hayo: maana yake umeachwa. Wojcik akalipiga teke kabati la chuma mpaka likabonyea.

Stroud alikuwa nyuma ya meza yake, anaangalia kalenda.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia, Kocha. Nami nilikujibu."

Akaweka kitabu mezani, akatoka kwa mlango wa mbele.

Wiki sita hakuna timu iliyopiga simu. Watu walinong'ona kuwa wenye timu wanatumia simu moja. Verlena alichukua zamu za ziada hospitali, na kila akirudi alimkuta mumewe jasho linamtiririka, ametoka kukimbia na gunia la mchanga kwenye theluji, watoto wa mtaa wakimshangaa.

"Umepungua," alimwambia siku moja.

"Nimepungua?"

"Akili. Mwili bado upo. Kula."

Mwisho wa Novemba, Herons wa Mobile, timu iliyokuwa mkiani mwa ligi, walivunjikiwa watu wawili wa mstari katika mechi moja. Kocha wao alipiga mwenyewe. "Wewe ndiye yule aliyesimamisha basi?" aliuliza. Tave akasema ndiye. "Hapa kwetu hata basi linatupita. Njoo."

Na ratiba haina huruma: mechi ya tatu ya Tave akiwa Mobile, waliokuja kucheza walikuwa Hammers wa Toledo.

Mobile si mbali na Anse Noire. Bi Ozite na Mzee Alcide walipanda basi la abiria alfajiri, na ndoo ya kuku wa kukaanga ambayo mama hakukubali iwekwe juu. Hawakuwahi kumwona akicheza kwenye ligi. Wakakaa nyuma ya benchi la Herons, na kabla ya robo ya kwanza kwisha safu tatu nzima zilikuwa zinajua Tave alizaliwa saa ngapi na kwa uchungu wa namna gani.

Uwanjani, Wojcik aliinama juu ya mpira, akainua macho.

"Za siku, ua?"

"Nzuri. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Leo nakuvunja."

"Wenzio walianza kupanga foleni tangu mwaka ule wa kwanza. Njoo."

Waligongana mchana kutwa, marafiki wawili, bila kuoneana huruma hata tone. Robo ya nne Mobile walikuwa mbele kwa pointi nne, Toledo wako yadi moja tu kutoka mstari wa goli, dakika haipo, nafasi ya mwisho. Kila mtu uwanjani alijua mpira utapita wapi. Toledo hawakuficha: wangepita katikati, juu ya yule waliyemfukuza.

"Kushoto au kulia kwako, Dale?" Tave aliuliza.

"Juu yako."

Mpira ukatoka. Wojcik alimjia kifuani, na mwenzake akamjia ubavuni, kilo zote zile pamoja, na goti la Tave likapiga kelele ambayo aliisikia kichwani. Akazama. Akazama mpaka pua ikagusa majani, akalipata lile pengo dogo chini ya mabega yao wawili, akaliweka bega lake humo. Hakuwasukuma, aliinua. Wote watatu walisimama wima, wamekwama, kama mlango uliokataa kufunguka, na mkimbiaji wa Toledo aliyekuja mbio na mpira akamgonga Wojcik mgongoni, akarudi nyuma. Hapo kijana wa nyuma ya Tave, aliyekuwa hajaguswa na mtu, akaja akamwangusha, na wote wakaporomoka rundo moja.

Uwanja ulilipuka. Watu wakaanza kuimba jina la yule kijana. Jina la kijana!

"Siye huyo!" Bi Ozite alisimama juu ya kiti, kipaja cha kuku mkononi. "Siye huyo nyie! Yule wa chini! Mtazameni yule wa chini!"

Chini ya rundo, Wojcik alikuwa bado amelala juu ya kifua cha Tave, anahema.

"Niliwaambia," alisema. "Siku ya kwanza kabisa niliwaambia."

"Toka basi, Dale. Unanuka."

Watu walipokuwa wanatoka uwanjani, Kocha Stroud alikuja mpaka alipokuwa Tave, kofia mkononi. Alikuwa amezeeka tangu Oktoba. Akasimama, akatafuna, akashindwa pa kutemea.

"Umecheza vizuri, mwanangu."

"Nimecheza vilevile, Kocha."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono. Tave akautazama kwa kitambo kile kinachotosha mtu kujua kwamba unatazamwa, kisha akaupokea.

Alicheza Mobile misimu mitano mingine. Waliendelea kushindwa zaidi ya kushinda, na wapinzani waliendelea kumjia wawili wawili. Kesi ya wachezaji ilijikokota mahakamani miaka hiyo yote. Siku wachezaji walipopata haki ya kuhama mikataba ikiisha, Tave alikuwa amestaafu miezi miwili tu. Mwandishi mmoja wa habari alimpigia simu kumuuliza anajisikiaje, yeye aliyepigania kitu ambacho hatakionja.

"Hivi wewe unanijua nilikuwa nacheza nafasi gani?" Tave alimuuliza.

"Ndiyo. Katikati ya mstari wa ulinzi."

"Basi hujui kazi ya nafasi ile," akasema, akakata simu, maana kulikuwa na mchuzi wa gumbo jikoni.

Yeye na Verlena walihamia Anse Noire. Akapewa vijana wa mstari kuwafundisha pale shuleni, na wa kwanza aliyemchukua alikuwa mfupi kuliko wote waliokuja. Siku hizi huinuka kitini kwa mafungu, kwanza mikono, halafu kiuno, halafu lile goti, na hataki mtu amshike. Mwaka jana daktari mmoja wa Baton Rouge alizitundika picha za magoti yake kwenye taa, akazitazama kwa muda mrefu, akamwambia kwamba mifupa imebaki inasagana mikavu, kwamba lazima apasuliwe haraka, na kwamba tangu siku ile asikanyage tena uwanjani, hata kusimama pembeni asisimame.

"Umenielewa, Bwana Narcisse?"

"Nimekuelewa, daktari. Utanipasua Jumatatu."

"Na uwanjani?"

Tave alikuwa ameshavaa kofia. "Mechi ni Ijumaa," akasema, akasukuma mlango kwa bega.